Wingi wa Kutajwa Si Ushahidi wa Elimu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia masuala ya fiqhi na historia ya wanavyuoni wetu. Leo tunazungumzia jambo ambalo kwa juu juu ni la vyuo vikuu na maofisa wao: desturi ya kupima thamani ya mwanachuoni kwa kuhesabu ni mara ngapi maandishi yake yametajwa na wengine katika hifadhidata za intaneti. Hata hivyo, swali lililo ndani yake ni la zamani mno kwetu. Mtu wa elimu apimwe kwa nini? Na je, wingi wa wanaomtaja ni ushahidi juu ya ukweli wake?

Tuanze na kisa. Mmoja wetu aliwahi kukaa katika kamati ya kupandisha vyeo wahadhiri katika chuo kimoja cha ukanda wetu huu, ambacho hatukitaji. Mbele ya kamati palikuwa na majalada mawili. La kwanza lilikuwa la mhadhiri aliyetumia miaka tisa akisoma na kulinganisha hukumu za makadhi wa pwani, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu katika karatasi zilizoanza kuliwa na mchwa. Alikuwa ametoa kitabu kimoja na makala nne, zote kwa Kiswahili. La pili lilikuwa la mhadhiri mwenye makala 38 kwa Kiingereza ndani ya miaka minne, nyingi zikiwa na waandishi wanane au kumi. Katibu alifungua kompyuta, akaandika jina la kwanza, akasoma: sita. Akaandika jina la pili, akasoma: mia nne na kumi na mbili. Kikao kilikwisha kwa dakika kumi. Hakuna aliyefungua kitabu. Mwenzetu naye aliinua mkono pamoja na wengine, na anasema mpaka leo mkono ule unamwelemea.

Hatusemi kwamba yule wa pili hakustahili. Huenda alistahili. Tunalolilaumu ni kwamba kamati haikujua kama anastahili au hastahili, na bado ikahukumu.

ASILI YA MIZANI HII

Ni uadilifu kuanza kwa kuieleza mizani yenyewe kama walivyoikusudia wenyewe. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala ya sayansi imetajwa na makala zipi zilizokuja baada yake. Mwaka 1960 akaanzisha taasisi yake mjini Philadelphia, na katika miaka michache iliyofuata faharasa hiyo ikaanza kuchapishwa. Kusudio lake la asili lilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta: ukisoma makala ya zamani, upate kujua nani aliijibu, nani aliiendeleza na nani aliipinga.

Wazo hilo Garfield hakulibuni peke yake. Alilichukua kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu mwaka 1873 walikuwa na faharasa iliyoanzishwa na Frank Shepard. Faharasa hiyo ilionyesha kila hukumu ya mahakama imetajwa katika kesi zipi za baadaye. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Faharasa ya wanasheria iliweka alama pembeni ya marejeo: hukumu hii ilithibitishwa, hii ilitenguliwa, hii ilikosolewa, hii ilitofautishwa. Wakili asingethubutu kwenda mbele ya hakimu akisema, "Hukumu yangu imetajwa mara mia," ilhali katika hizo mia imetenguliwa mara moja na mahakama ya juu. Kutengua kumoja kunazifuta zote.

Faharasa ya sayansi ilichukua hesabu, ikaziacha alama. Aliyesifu na aliyekosoa wakawa sawa, kila mmoja anahesabiwa moja. Huo ndio ufa wa kwanza, na nyufa nyingi zilizofuata zimetokana nao.

Baadaye mambo yakaongezeka. Mwaka 1975 kikaanza kuchapishwa kila mwaka kipimo cha athari cha majarida. Hicho hupatikana kwa kuchukua idadi ya mara ambazo makala za miaka miwili iliyopita zimetajwa katika mwaka mmoja, kisha kuigawa kwa idadi ya makala hizo. Mwaka 2004 zikaja Scopus na Google Scholar, na hesabu ikawa kitu cha kubonyeza kitufe. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaleta kipimo cha h: mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20, kipimo chake ni 20. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeandika vitabu vitatu tu maishani mwake, kila kimoja kikatajwa mara elfu moja, kipimo chake ni 3 na hakitazidi hapo.

Garfield mwenyewe, aliyefariki mwaka 2017, alionya zaidi ya mara moja kwamba kipimo cha jarida kisitumiwe kumpima mtu. Onyo halikusikilizwa, kwa sababu tarakimu ni nyepesi kubeba kuliko kitabu.

WALIYOYAJUA WATU WA HADITHI

Sisi Waislamu hatukupaswa kuwa wageni katika jambo hili. Hakuna umma uliotaabika na swali la nani kasema, kutoka kwa nani, na apewe uzito gani, kama ulivyotaabika umma huu. Maimamu wa hadithi walihesabu njia za mapokezi kwa uangalifu kuliko hifadhidata yoyote ya leo. Lakini kuhesabu kwao kulikuwa na masharti.

Chukua hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na 870 Miladia) aliifungulia Sahihi yake. Kwa mapokezi yaliyothibiti, hadithi hii ameipokea kwa Mtume (s.a.w.) Umar bin Al-Khattab (r.a.) peke yake. Kwa Umar ameipokea Alqama bin Waqqas peke yake, kwa Alqama ameipokea Muhammad bin Ibrahim At-Taymi peke yake, na kwa huyo ameipokea Yahya bin Said Al-Ansari peke yake. Ni baada ya Yahya ndipo wapokezi walipokuwa wengi mno. Tabaka nne za mtu mmoja mmoja! Lau kamati yetu ingelikaa katika zama za Alqama na kubonyeza kitufe, ingelisoma: moja. Na hii ndiyo hadithi ambayo wanavyuoni wameihesabu miongoni mwa nguzo ambazo dini imezungukia.

Sasa chukua ile maarufu inayotutaka tuitafute elimu hata ikiwa China. Ni mara ngapi imetajwa? Iko kwenye kuta za madrasa, kwenye hotuba za mahafali, na katika vinywa vya wanasiasa wanaofungua shule. Wakosoaji wa hadithi wameikataa. Ibn Al-Jawzi (aliyefariki mwaka 597 Hijria) aliiingiza katika kitabu chake cha hadithi za kubuni. Umaarufu wake haukuiongezea kitu. Wanavyuoni walilitambua tatizo hili mapema kiasi cha kulitungia vitabu maalumu: As-Sakhawi (aliyefariki mwaka 902 Hijria), na baada yake Al-Ajluni (aliyefariki mwaka 1162 Hijria), walikusanya hadithi zilizo maarufu katika ndimi za watu ili waeleze ipi ina asili na ipi haina. Kwao kuenea kwa neno ulikuwa mwanzo wa uchunguzi.

Hata hivyo, hatutaki kusema kwamba hesabu haina maana kabisa, kwani hilo nalo ni kinyume cha walivyosema wanavyuoni. Mapokezi ya watu wengi mno kiasi cha kutowezekana kuafikiana juu ya uongo, yaani mutawatiri, yanaleta yakini. Katika usuli, jamhuri ya wanavyuoni wanaona wingi wa wapokezi ni sababu ya kutilia nguvu habari moja juu ya nyingine, ingawa wengi wa Wahanafi hawakuukubali wingi peke yake kuwa sababu. Lakini hata waliokubali waliweka masharti, na matatu kati yake yanatuhusu hapa.

Kwanza, kujitegemea kwa wapokezi. Watu kumi wakipokea kwa sheikh mmoja, mahali pa sheikh huyo isnadi ni moja. Pili, hali za wapokezi. Hadithi yenye udhaifu mdogo hupata nguvu zikikutana njia zake nyingi. Lakini ikiwa udhaifu unatokana na wapokezi kutuhumiwa uongo, njia mia haziipi nguvu. Tatu, kusalimika na tadlisi, yaani mpokezi kuficha kwamba habari hakuisikia mwenyewe kwa anayemtaja.

Hebu tuyapeleke masharti haya matatu kwenye hifadhidata tuone kinachobaki.

WINGI UNAPOPIMWA KWA MASHARTI

Kuhusu kujitegemea: mtu hujitaja mwenyewe, wanafunzi wake humtaja, na waandishi wanane wa makala moja huendelea kutajana katika kila makala inayofuata. Majarida nayo hufanya hivyo. Mwaka 2013 kampuni iliyokuwa ikitoa kipimo cha athari iliyasimamisha majarida kadhaa, yakiwemo manne ya Brazil, kwa sababu yalikuwa yakitajana kwa mpango ili kila moja limpandishe mwenzake. Hao ni wapokezi kumi wa sheikh mmoja.

Kuhusu hali za wapokezi: mwaka 2010 mtafiti wa Grenoble, Ufaransa, Cyril Labbé, alimbuni mwanachuoni asiyekuwepo duniani akamwita Ike Antkare. Kwa programu ya kompyuta alitunga karibu makala mia moja zisizo na maana yoyote, kila moja ikizitaja nyenzake, akaziweka mahali ambapo Google Scholar ingeziona. Kipimo cha h cha mtu huyo asiyezaliwa kikafika 94, juu ya wanasayansi wengi wakubwa wa zama zetu. Njia zilikuwa nyingi, na wapokezi wote waongo.

Kuhusu tadlisi: nani hajaona makala inayotaja kitabu ambacho mwandishi hakukifungua, bali amenakili tanbihi ya mwenzake pamoja na makosa yake ya tahajia? Hesabu huongezeka, wala msomaji haongezeki.

Kisha kuna lile suala la alama zilizoachwa. Mwezi Februari 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyopandikiza hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Jarida lilikuja kuifuta makala hiyo Februari 2010. Imetajwa mara nyingi mno, na sehemu kubwa ya waliotaja ni waliokuwa wakiikosoa. Lakini mashine haijui kukosoa. Kwake yote ni kutajwa. Maimamu waliolazimika kuwajibu wazazi wanaokataa chanjo wanajua gharama ya neno lililoenea bila uthabiti.

Na hata pasipokuwa na hila, hesabu hupima kitu kingine kabisa. Jarida moja la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica A, kipimo chake kilikuwa takribani 2, mara kikaruka kufikia karibu 50 mwaka 2009. Sababu ilikuwa makala moja tu ya George Sheldrick ya mwaka 2008, iliyoeleza programu za kompyuta ambazo kila mtu wa fani hiyo huzitumia na hivyo humtaja. Waandishi wengine wa jarida lile walilala na cheo cha chini, wakaamka na cheo cha juu, bila kuongeza herufi moja.

ALIYEKUWA SAHIHI NA HAKUSIKIKA

Katika historia yetu kuna kisa kinachotosha. Galen, tabibu wa Kiyunani, alifundisha kwamba damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta uliopo kati. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimtaja na kumrejea, na hata Ibn Sina alijenga juu ya msingi wake. Kisha mwaka 640 Hijria (1242 Miladia), Ibn An-Nafis, mwanachuoni wa tiba aliyekuwa pia mtu wa fiqhi ya Kishafii, aliandika katika sherehe yake ya anatomia ya Al-Qanun kwamba ukuta huo hauna vitundu. Damu lazima iende kwenye mapafu, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Alikuwa sahihi, na Galen pamoja na waliomtaja walikuwa wamekosea.

Ugunduzi wake huo haukupata nafasi kubwa katika mafunzo ya tiba. Ni mwaka 1924 ndipo mwanafunzi wa Kimisri, Muhyi Ad-Din At-Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg, Ujerumani, alipouonyesha ulimwengu kutokana na hati iliyohifadhiwa Berlin. Takribani karne saba! Tuulize: lau thamani ya Ibn An-Nafis ingeamuliwa kwa hesabu ya kutajwa ndani ya miaka miwili, kama kinavyofanya kipimo cha athari, angepewa nini? Na tuulize pia: ni nani aliyeihifadhi ile hati mpaka ikamfikia aliyeisoma? Watunza hati hawana h.

HOJA ZA WANAOITETEA

Wapo wanaosema: "Bila tarakimu, vyeo vitagawanywa kwa udugu, kabila na kufahamiana. Tarakimu haina mjomba." Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa. Tunaujua upendeleo, na mhadhiri kijana asiye na mtu wa kumsemea huenda tarakimu ikawa ndiyo wakili wake pekee.

Jibu letu ni kwamba tarakimu nayo ina wajomba, ila wanakaa mbali. Inampendelea anayeandika kwa Kiingereza, mwenye kundi kubwa, na mwenye fani ambayo watu wake hutajana sana. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969, imesomwa katika misikiti na majumba ya Afrika Mashariki kwa vizazi. Darsa hazina tanbihi, na anayeisoma baina ya Magharibi na Isha haandiki makala. Mizani isiyo na jicho la kuona elimu hiyo haiwezi kuitwa adilifu kwa sababu tu haina ndugu katika kamati.

Tena tarakimu inanunulika. Mwezi Desemba 2011 jarida la Science liliripoti kwamba Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah kilikuwa kikiwapa wanasayansi wa ng'ambo wanaotajwa sana mikataba ya takribani dola 72,000 kwa mwaka, wakae chuoni wiki chache na waongeze jina la chuo hicho katika maelezo yao. Wakuu wa chuo walijitetea kwamba walitaka ushirikiano wa kweli na manufaa kwa wanafunzi wao. Nia anaijua Mwenyezi Mungu. Lakini ikiwa mali ya umma yaweza kuipandisha hesabu bila kumsomesha kijana mmoja, basi hesabu hiyo haipimi elimu ya mahali hapo.

HUKUMU YAKE

Hatutoi fatwa, hilo tunawaachia wenye mamlaka yake. Tunataja tu misingi ambayo mwanafunzi wa fiqhi ataitambua.

Kumtaja mwenye kauli ni amana. Wanavyuoni wametufundisha kwamba miongoni mwa baraka za elimu ni kuinasibisha kauli kwa mwenyewe. Basi anayemtaja mtu kwa malipo, au kwa makubaliano ya kutajana, ametoa ushahidi wa uongo. Mhariri anayemlazimisha mwandishi alitaje jarida lake ndipo makala yake ipite, amekula kwa cheo chake. Anayejinasibisha na chuo asichokifanyia kazi amejivisha asichonacho. Na Suratul Mutaffifin imewatishia adhabu wanaopunja katika vipimo. Sioni wala hatuoni sote ni kwa nini kipimo cha elimu kiwe chepesi kuliko pishi ya mchele.

Zaidi ya hao yupo anayehukumu. Katika fiqhi ya ukadhi tunatofautisha bayina na karina. Bayina ni ushahidi unaothibitisha haki. Karina ni dalili inayomwelekeza kadhi mahali pa kutazama. Hesabu ya kutajwa ni karina. Yafaa itazamwe, iulizwe na ifuatiliwe. Anayeifanya bayina akahukumu kwayo bila kusoma, atazame asije akawa katika wale makadhi wawili kati ya watatu ambao Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha na mwisho wao, na mmoja wa wawili hao ni yule aliyehukumu kwa ujinga.

Na hili si neno letu peke yetu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, lililotangazwa mwaka 2013, liliwataka wakuu wa vyuo waache kumpima mtu kwa kipimo cha jarida alimochapisha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 iliweka kanuni kumi, miongoni mwake kwamba tarakimu isaidie hukumu ya wajuzi wala isichukue nafasi yake, na kwamba utafiti unaofanywa kwa lugha za wenyeji ulindwe. Mwaka 2020 China nayo iliviagiza vyuo vyake vipunguze kutegemea faharasa hiyo. Wenye mizani wenyewe wameanza kuitilia shaka, nasi bado tunainunua.

Kwa hiyo tunawanasihi ndugu zetu wanaokaa katika kamati, na vilevile wanaoajiri walimu katika vyuo na madrasa zetu: mwombeni mtu alete kazi tatu anazoziona bora, mzisome, na mwaulize wawili watatu wanaoijua fani hiyo wasiokuwa marafiki zake. Uhakiki wa hati, tafsiri na sherehe vihesabiwe kuwa kazi. Na akiletwa mtu mwenye hesabu kubwa, aulizwe: umetajwa na nani, kwa lipi, na kwa kukubaliwa au kukataliwa?

Tumalizie na yule mhadhiri wa jalada la kwanza. Hakukata rufaa. Zile hukumu za makadhi alizifunga kwenye sanduku, akaanza kuandika makala fupi fupi kwa Kiingereza juu ya mambo yanayotajwa upesi, na miaka michache baadaye akapanda cheo. Mwenzetu alipomtembelea alimuuliza juu ya karatasi zile. Akajibu, "Zipo, Sheikh. Mchwa nao wapo." Kitabu cha pili hakijaandikwa mpaka leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuipima elimu kwa mizani yake, na atusamehe mikono tuliyoinua bila kusoma. Wabillahi tawfiq.